Mtakatifu Mweusi wa Coburg

Katika nembo ya mji wa Coburg, ulioko kaskazini mwa Bavaria, umechorwa juu ya ngao ya rangi ya dhahabu uso wa mtu mweusi aliyetazama upande, na sikioni mwake mna herini; na mgeni aionapo sura hiyo hata juu ya mifuniko ya mashimo ya njiani, huenda akadhani kuwa ni mzaha wa kale au ukumbusho wa biashara ya watumwa. Sivyo. Huyo ni Mtakatifu Mauritius, msimamizi wa mji, ambaye Wajerumani humwita Moritz.

Habari zake, kama alivyoziandika Askofu Eucherius wa Lyon katika karne ya 5, zasema kuwa alikuwa mkuu wa kikosi cha Kirumi kilichotoka Thebes, nchi ya Misri, ambacho kilipoamriwa na Kaisari Maximian kuwadhulumu Wakristo kilikataa, kikauawa chote mahali paitwapo leo Saint-Maurice, nchini Uswisi. Wanahistoria wanaitilia shaka idadi ya mashahidi hao, walakini sifa yake ilienea, na mwaka 937 Mfalme Otto wa Kwanza akaanzisha monasteri kwa jina lake huko Magdeburg. Wachoraji walizoea kumpa sura ya Kizungu, hata katika karne ya 13 fundi mmoja asiyejulikana jina akachonga, kwa ajili ya kanisa kuu la Magdeburg, sanamu ya askari Mwafrika aliyevaa deraya, mwenye uso wa utulivu na haiba. Nami sijui kazi ya Ulaya ya zama zile iliyomstahi mtu mweusi kuipita hiyo.

Mwaka 1929 Coburg ulikuwa mji wa kwanza wa Ujerumani kuwapa Wanazi wingi wa viti katika baraza lake, na kwa itikadi yao mlinzi mweusi hakuvumilika. Mwaka 1934 wakamwondoa, wakaweka upanga wenye swastika kwenye mpini; dola yao ilipoanguka mwaka 1945, akarudishwa.

Mwaka 2020 wengine walidai nembo ibadilishwe, wengine wakaitetea kwa hoja kwamba ni heshima kwa mtakatifu. Hoja hiyo ni sahihi kwa habari ya mtu, si kwa habari ya mchoro: sanamu ya Magdeburg imefunikwa masikio kwa kofia ya minyororo, wala haina herini, ilhali mchoraji wa ngao amemvua shahidi silaha zake zote, akambakishia midomo minene na pambo. Kumfuta kungekuwa kuwafuata Wanazi. Linalowapasa watu wa Coburg ni kumchora upya akiwa askari.