Mchumba wako AS au AA?

Wengi mnadhani anayesomea udaktari anaanza kwa kuvaa koti jeupe na kupima watu mapigo ya moyo. Thubutu! Mwaka wa kwanza ni kukariri tu. Binamu yangu, ambaye tunabanana naye chumba kimoja hapa Temeke, analala saa nane usiku akipigana na bayokemia: wali unageukaje sukari, sukari inageukaje nguvu, maharage yanavunjwaje kuwa asidi amino. Mimi niliyeishia kidato cha nne nikamuuliza, hayo yote yatamtibu nani?

Akanijibu kwa damu. Ndani yake kuna hemoglobini, protini inayobeba oksijeni. Mnyororo wake mmoja, uitwao beta, una asidi amino 146, zimepangwa kama shanga. Ya 6 ikibadilika, ikatoka glutamiki ikaingia valini, kwisha habari. Seli nyekundu zikikosa oksijeni zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa, mgonjwa analia na mifupa. Seli hizo hufa haraka, ndiyo maana anapewa vidonge vya asidi ya foliki ili mwili utengeneze nyingine. Vernon Ingram ndiye aliyeinasa shanga hiyo, Uingereza, mwaka 1956. Jamani, moja kati ya 146!

Sasa jenetiki, na ninyi mnaochumbiana tegeni sikio. Kila mtu hurithi nakala mbili, ya baba na ya mama. Mwenye moja mbovu, yaani AS, anadunda mtaani kama kawaida. Tena malaria kali haimwangushi kirahisi, jambo ambalo Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliliandika mwaka 1954. Ndiyo maana huku kwetu AS ni wengi. Balaa ni AS akikutana na AS: kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Kila mimba! Wapo wanaojidanganya eti watatu wa kwanza watapona.

Juzi bwana daktari mtarajiwa kapima yake: AS. Na mchumba anaye, nusu ya mahari imeshakwenda. Wajomba wanafoka, vipimo vya nini wakati wote wana afya? Mi naona wajomba wakae pembeni kidogo. Binti wa watu alipoambiwa hakununa wala hakulia, aliuliza tu kama sindano inauma. Jumatatu wanakwenda wote.