Je, Wajua? Kuhesabu akina mama si kupima usawa

Bomba likikauka. Takwimu za Uvira, mji wa mashariki mwa Kongo, za 2009 hadi 2014 zilionyesha kuwa mtambo wa maji ukisimama siku nzima, wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu huongezeka kwa asilimia 155 katika siku 12 zinazofuata. Kipimo hicho kinataja wagonjwa, hakimtaji aliyebeba bidoni.

Na ni nani hubeba? Ripoti ya UNICEF na WHO ya 2023 ilisema kuwa katika kaya 7 kati ya 10 zisizo na maji nyumbani, kazi ya kuchota iko mikononi mwa wanawake na wasichana. Basi mradi wa mabomba Kavimvira, mtaa wa Uvira, ukipimwa kwa lita tu, saa zilizookolewa hazitaonekana popote.

Viti nusu kwa nusu. Mashariki mwa Kongo, mradi wa maendeleo wa Tuungane uliunda kamati katika vijiji 661. Nusu ya vijiji, vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, vilitakiwa kuwa na wanawake sawa na wanaume kwenye kamati. Viti vilipatikana. Lakini utafiti uliochapishwa 2018 haukuona ushahidi kwamba sauti ya wanawake mikutanoni, maamuzi ya kamati au mitazamo ya wanakijiji ilibadilika. Watathmini wangeishia kwenye orodha ya wajumbe, wangeandika “tumefaulu”.

Alama ya nia. Wafadhili wa OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo) huupa kila mradi alama 0, 1 au 2 kwa usawa wa kijinsia. Alama hiyo hutazama malengo yaliyoandikwa mradi ukibuniwa, si matokeo yake.

Ruhusa ya mume. Katiba ya Kongo ya 2006, ibara ya 14, inadai usawa. Hata hivyo, hadi Sheria ya Familia iliporekebishwa 2016, mke alihitaji idhini ya mumewe kwa baadhi ya mikataba. Mtathmini aliyehesabu wanawake waliosaini alikuwa pia akihesabu waume waliokubali.

Mume na mke, kila mmoja peke yake. Kipimo cha uwezo wa wanawake katika kilimo kilichozinduliwa 2012 huwahoji wote wawili wa nyumba moja: nani huamua, nani hushika kipato, saa 24 zilipita vipi. Maswali hayo yanamfaa pia mama anayevusha bidhaa mpakani Kavimvira. Kujua kwamba anauza hakutoshi; aulizwe nani hupanga matumizi ya faida.