Nadharia Haipandishwi Cheo

Wengi huamini kwamba wazo la kisayansi huanza kama dhana, likipata ushahidi kidogo huitwa nadharia, na likithibitika kabisa hupanda cheo na kuwa kanuni. Ndiyo maana anayetaka kuipuuza hoja asiyoipenda husema, "Hiyo ni nadharia tu." Ngazi hiyo haipo. Kanuni hueleza kwa ufupi, mara nyingi kwa hesabu, jinsi jambo linavyotokea kila mara. Nadharia hueleza kwa nini linatokea hivyo. Ushahidi urundikane kiasi gani, maelezo ya sababu hayageuki kuwa muhtasari wa matukio.

Mfano mzuri uko Rufiji. Ukiupita mji wa Ikwiriri, mto hushuka hadi kugawanyika katika mikono mingi, ukapenya mikoko ya Kibiti na kuingia bahari ya Hindi mkabala na Mafia. Huko deltani maji hujaa na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, ndiyo maana kujaa kwa leo hukawia karibu dakika 50 kuliko kwa jana. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kupevuka huja bamvua. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu. Nahodha anayeondoka Nyamisati kwenda Mafia humudu kanuni hiyo bila kumsoma Newton, na kwa safari yake inatosha. Haimwambii, hata hivyo, kwa nini maji yajae mara mbili ilhali mwezi hupita juu ya kichwa chake mara moja tu.

Hata kanuni ya mvutano aliyoichapisha Newton mwaka 1687 haijibu swali hilo kwa kutajwa tu. Ukiitumia juujuu, itakuonyesha kwamba jua huivuta dunia kwa nguvu mara 180 hivi ya ile ya mwezi, nawe utadhani jua ndilo lenye kauli juu ya bamvua. Nadharia ya kujaa na kupwa kwa maji ndiyo inayofungua fumbo: kinachoinua maji ni tofauti ya mvutano kati ya upande mmoja wa dunia na mwingine. Mwezi uko karibu, hivyo tofauti yake ni kubwa. Mchango wa jua haufiki nusu ya huo. Maji yaliyoelekea mwezi huvutwa zaidi kuliko kitovu cha dunia, na yale ya upande wa pili huvutwa kwa nguvu ndogo kuliko kitovu hicho, yakabaki nyuma. Ndipo maji yakajaa pande zote mbili. Nadharia hiyohiyo hutabiri jambo ambalo kuutazama mwezi peke yake hakulionyeshi: jua linapokuwa juu ya ikweta, miezi ya Machi na Septemba, maji ya bamvua kwa kawaida huwa makubwa zaidi.

Atakayepinga atasema nadharia hubadilika, basi za nini kuziamini? Kweli hubadilika, lakini kanuni nazo husahihishwa. Njia ya Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na jua, ilikengeuka hesabu za Newton kwa sekunde 43 za pembe kila karne. Novemba 1915 Einstein aliueleza mkengeuko huo kwa nadharia yake ya uhusianifu. Hapo kanuni ndiyo iliyoonekana kuwa makadirio, na nadharia ndiyo iliyoonyesha mipaka yake. Hata hivyo, kwa maji ya bahari kasoro hiyo ni ndogo mno, na hesabu ya Newton ingali inafaa.

Basi nadharia imara tutaijuaje? Tuulize inaunganisha mambo mangapi, imetabiri nini, na ingekanushwa na ushahidi gani. Kwamba magonjwa mengi huletwa na vijidudu ni nadharia. Mwaka 1897 Ronald Ross alipokiona kimelea cha malaria ndani ya mbu, aliipa ushahidi mpya, na hakuna kituo cha afya kinachoingoja igeuke kanuni ndipo kitoe dawa.