Buti ya Mlimani: Maji Yasiingie, Jasho Litoke

Apandaye Kilimanjaro, mlima wenye kimo cha meta 5,895, huanza katika msitu wa mvua na kuishia penye baridi ya kugandisha maji. Soksi iliyolowa msituni huchubua mguu. Isipokauka, huko juu yaweza kugandisha vidole. Yafaa basi buti ipimwe nyumbani.

Kwanza ishike kisigino na ncha, uisokote. Buti imara hupinda penye vidole tu, wala haisokotwi kama nguo ifuliwayo.

Kisha vaa soksi kavu, usimame nusu saa katika karai la maji yasiyofika penye kamba, huku ukiinua visigino. Lakini jaribio hili hata buti ya mpira ya shambani hulishinda, na jioni soksi hutoka imelowa jasho! Mwaka 1969 Robert Gore wa Marekani aligundua kwamba plastiki iitwayo PTFE, ikivutwa kwa ghafla, hupata vitundu vidogo mno visivyopitisha tone la maji bali hupitisha mvuke. Utando wa namna hiyo hushonewa ndani ya buti nyingi za leo. Hata hivyo, mvuke huenda palipo na mvuke mchache. Msituni, hewa ikijaa unyevu na ngozi ya nje ikilowa, jasho hutoka kwa shida. Wauzaji hawalisemi sana jambo hili, nasi twashauri kuchukua soksi za akiba.

Mwisho, jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, simama juu ya ubao ulioinama kama ateremkaye. Kidole gumba kikigusa ncha, chagua buti kubwa zaidi.