Tiketi Zenye Herufi Zilizoharibika

Kamati ya parokia huchapa tiketi za harambee, nao wafadhili huzinunua. Tuseme ni safari ya boti kutoka ng'ambo hadi Ras Kisimani, Mafia. Tiketi inatoka imeandikwa "ng’ambo", na mgeni André amekuwa "André". Pwani jina halifanani na orodha, na mtu aliyelipa anazuiwa kupanda.

Mara nyingi printa haina kosa. Programu ya kuandikia hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa ya kupinda, ambayo UTF-8 huihifadhi kwa baiti 3. Programu nyingine ikizisoma kwa mfumo wa Windows-1252, huona alama 3. Printa ya risiti yenye jedwali la herufi namba 437 hutoa "ΓÇÖ".

Basi fungueni orodha upya kwa kuchagua UTF-8, na rudisheni ritifaa iliyonyooka. Mifumo yote hiyo inaifahamu. Wako wanaoifuta kabisa, jambo tusilolishauri: ng'oa ni kung'oa, ngoa ni wivu! Kwa herufi kama é, jedwali la printa na la programu lazima yalingane. Kabla ya kuchapa zote, chapeni kwanza tiketi 1 yenye jina gumu kuliko yote.