Hata watu wa ordinatere wanachekana juu ya vyombo vya kazi

Jirani yetu mmoja hapa Kolwezi, mzee aliyetumika miaka mingi chini ya udongo, ana binti anayesoma informatiki kule Lubumbashi. Mu likizo ya mwisho binti huyo alirudi nyumbani na ordinatere yake mu mfuko na uso wa mtu aliyefiwa. Sombe aliyopikiwa na mama yake aliigusa tu. Siku ya tatu njo alifungua kinywa.

— Papa, minataka kubadirisha masomo.

— Juu ya nini, mama?

— Bananiseka. Banasema minaandika programu mu Bloc-notes, sawa bibi mwenye kuandika barua.

Mzee alivuka lupango, akaja kuketi kwangu. "Weye mutu wa gazeti," akasema, "unielezee. Ile mashini nilimununulia na feza ya décompte yangu. Sasa mutoto anataka kuacha masomo juu batu banamuseka kalamu?"

Nilimjibu kwamba inawezekana kabisa, na tena kuchekana huko kunaendelea karibu miaka 50 sasa.

Kwanza tuelewane. Programu ni maandishi. Mwenye kuiandika anapiga herufi moja moja, na anahitaji chombo cha kuandikia, kinachoitwa editeri. Bloc-notes ni editeri ndogo inayokuja pamoja na Windows: inaandika, basi. Kuko zingine nyingi. Na mu kazi hiyo, ukitaja editeri yako, wenzako wanafikiri wamejua umri wako, tabia yako, na hata kama unachana nywele asubuhi.

Mzee alicheka. Yeye anajua vizuri maneno ambayo watu wa chini walikuwa wanasema juu ya watu wa karieri ya wazi: wale si wachimbaji, ni madereva wanaoota jua. Watu wa karieri nao walikuwa wanawaita wa chini panya. Na wote wakiungana, wanamcheka yule wa ofisi anayekuja kutembelea machimbo na kofia isiyo na vumbi. "Njo ile ile," akasema mzee. Ndiyo, njo ile ile.

Ugomvi mkubwa kuliko yote ni wa vi na Emacs. Editeri hizo mbili zilizaliwa mwaka mmoja, 1976, kule Marekani. Ya kwanza iliandikwa na Bill Joy, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Berkeley mu California. Ya pili ilitoka mu maabara ya MIT, kwa mikono ya Richard Stallman na Guy Steele. Hapa nataka kukaa kidogo, juu watu wengi wanarudilia utani huu bila kujua unatoka wapi.

Joy alikuwa na ordinatere kubwa mbali naye, na katikati waya wa telefoni unaopitisha herufi karibu 30 kwa sekunde. Pigeni hesabu: kujaza kioo kizima cha mistari 24 kunaomba dakika moja na zaidi. Mtu wa namna hiyo hawezi kupoteza hata herufi moja. Kwa hiyo amri za vi ni fupi sana: x inafuta herufi, dd inafuta mstari mzima. Kwa kutembea juu, chini na pembeni, unatumia h, j, k na l, juu mashini yake, ADM-3A, ilikuwa na mishale iliyochorwa juu ya herufi hizo. Kule MIT njia kati ya kioo na ordinatere ilikuwa pana, kazi inaenda mbio, na watu waliweza kuongeza kitu juu ya kitu. Joy mwenyewe alieleza tofauti hiyo miaka mingi kisha. Mu maneno yetu: mmoja alikuwa na sururu na kamba, mwingine alikuwa na mashini ya kampuni. Kila mmoja alitengeneza chombo kulingana na shimo lake.

Leo Emacs inaandika programu, inasoma barua, inapanga kalenda, inacheza Tetris, na ndani yake kuko hata daktari wa mawazo wa kuchekesha unayeweza kumwelezea matatizo yako. Kwa hiyo mtu wa Emacs anachorwa sawa mzee wa ndevu ndefu asiyetoka mu nyumba, juu kila kitu kiko ndani. Wabaya wake wanasema Emacs ni nyumba nzuri yenye vyumba vyote, imekosa tu meza ya kuandikia. Wanasema pia kidole chake kidogo kimepinda, kwa kukamata Control mchana kutwa. Hapo si mzaha mtupu: kuko watu waliopata maumivu ya kweli ya mkono. Stallman naye aliingia mu mchezo. Alijivika kanzu, akaweka sahani ya zamani ya ordinatere juu ya kichwa sawa taji ya mtakatifu, akajiita mtakatifu wa Kanisa la Emacs. Mu mahubiri yake ya mzaha, vi vi vi ni namba ya yule mnyama, kwa sababu VI mu hesabu ya Waroma ni 6.

Mtu wa vi, yeye, anachorwa mwembamba na mwenye kiburi. Kwake kugusa panya ya ordinatere ni aibu. (Mzee aliniuliza kama hao nao wanatumika chini.) Lakini utani unaouma zaidi ni huu: mtu wa vi hakuipenda, alikosa tu mlango wa kutoka. Na ni kweli, anayeifungua mara ya kwanza anapiga herufi na haoni zinaandikwa, anajaribu kuifunga, inakataa. Mwaka 2017 Stack Overflow, pahali ambapo waandishi wa programu wanaulizana maswali, walitangaza kwamba swali la namna ya kutoka mu Vim, mtoto wa vi, lilikuwa limetazamwa zaidi ya mara milioni 1. Jibu ni kugusa Esc, kisha kuandika :q! na kugusa Enter. Mukate mstari huo mu gazeti, mubandike ukutani. Lakini mujue kwamba hiyo alama ya mshangao inatupa kazi ambayo haijawekwa.

Lugha za programu nazo zina wachekaji wao. Wa Java wanachekwa kwa majina marefu sawa treni ya mizigo. Wa Python wanahesabu nafasi tupu mwanzo wa mstari, na lugha yao haikupewa jina kwa sababu ya nyoka: Guido van Rossum aliiita hivyo kwa kupenda Monty Python, kikundi cha vichekesho cha Uingereza. Wa Rust, ukiwaambia mlango wako unalia, watakushauri kuuandika upya mu Rust. Wa COBOL, lugha ya mwaka 1959, wanachorwa wamelala mu kiti na blanketi. Hao musiwacheke sana. Mwezi wa 4 mwaka 2020 gavana wa New Jersey, kule Marekani, aliomba mbele ya watu wote wanaojua COBOL waje kusaidia, juu mashini za zamani zinazolipa waliopoteza kazi zilikuwa zimelemewa. Ni sawa fundi wa zamani anayeitwa kutoka shambani juu yeye pekee anajua pampu ile.

Sasa mi nasema wazi. Utani unaomba watu wawili wanaojuana na wenye kuweza kujibizana. Mzee wa Emacs na mzee wa vi wakichekana ni wandugu. Wanafunzi kumi wakimcheka mtoto mmoja ambaye hajaonyeshwa hata kuko editeri ngapi, hapo sijui kama bado ni utani.

Jioni ile tuliketi wote kwao. Nilimwambia binti kwamba Bloc-notes si zambi: programu iliyoandikwa ndani yake inatembea sawa zingine, ordinatere haijui ilitoka mu kalamu gani. Alinyamaza. Kisha akasema kile ambacho hakumwambia baba yake. Kicheko angekivumilia. Lakini mara mbili courant ilikatika usiku akiwa anaandika, na travail pratique yake ikapotea yote, na hakuwa na kitu cha kurudisha kwa mwalimu. Ordinatere ni ya okazioni, betri yake ilikufa zamani. Bila waya wa umeme, inazima papo hapo.

— Betri? akauliza mzee.

Betri ya ordinatere za namna hii ina kobalti ndani, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka mu inchi yetu. Mzee alitazama mikono yake, hakusema kitu.

Njo pale nilikumbuka Vim. Bram Moolenaar, mtu wa Uholanzi aliyefariki mwaka 2023, aliitoa mwaka 1991. Ni ndogo, mashini ya zamani inaiweza. Na ukiwa unaandika, yenyewe inaweka nakala pembeni kila ukipiga herufi 200, au ukiacha kuandika kwa sekunde 4. Kwa haki, Emacs nayo inaweka nakala ya namna hiyo. Lakini kijana wa jirani alikuwa na Vim mu klé yake.

Binti aliifungua. Katikati ya kioo kulikuwa maneno ya Kiingereza, akayasoma polepole, akatutafsiria: saidia watoto maskini wa Uganda.

— Uganda hii ya hapa karibu? akauliza mama yake.

Hii hii. Moolenaar hakuuza Vim. Aliomba tu kwamba anayeipenda asaidie yatima wa Kibaale, kusini mwa Uganda, pahali alipokuwa amefanya kazi yeye mwenyewe.

Binti aliandika karibu nusu saa. Baba yake, kwa kunijaribu, akaniomba nimuonyeshe ule mlango wa kutoka. Nikainama kutafuta Esc. Courant ikakatika.

— Basi tumetoka, akasema mzee mu giza.

Asubuhi umeme ulirudi. Vim ilitangaza kwamba imekuta nakala ya kazi isiyomalizika, ikauliza kama airudishe. Binti akagusa R. Ilikosekana mistari miwili tu, ile ya mwisho.

Alirudi Lubumbashi siku ya kwanza. Juzi baba yake alinisomesha ujumbe aliomtumia: "Papa, sasa banajua mi natumia Vim. Banauliza ndevu zangu ziko wapi. Nibaambie nini?"