Uteuzi wa Fonti ya Yaliyomo katika Nyaraka za Kiswahili

Yaliyomo hayasomwi kama aya inavyosomwa. Msomaji wa aya hubebwa na muktadha: herufi moja ikimkanganya, maneno yanayotangulia na yanayofuata humsahihisha pasipo yeye kutambua. Msomaji wa yaliyomo hutafuta. Jicho lake hushuka upande wa kushoto, husimama kwenye kichwa kimoja, kisha huvuka nukta hadi namba ya ukurasa. Kila kichwa kinasimama peke yake, na herufi inayokanganya haina wa kuisahihisha.

Suala hili limepata uzito mpya tangu Wakuu wa Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya mwezi Februari 2021. Itifaki, ripoti na miongozo kwa Kiswahili huwafikia pia washauri ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza, na ambao mara nyingi huamua kupitia yaliyomo ni kurasa zipi wazisome kabla ya kikao. Makala haya yanafafanua vigezo vya kuteua fonti ya sehemu hiyo kwa kuzingatia umbo la maneno ya Kiswahili chenyewe.

Kigezo cha kwanza, na kwa hakika ndicho kizito kuliko vingine, ni utofautishaji wa herufi kubwa I, herufi ndogo l na tarakimu 1. Katika Arial na Helvetica, I na l ni kama mstari mmoja wa wima. Katika Gill Sans hata tarakimu 1 huingia katika mkanganyo huo. Vichwa vya Kiswahili hukutana na tatizo hili mara kwa mara. Kiambishi i- cha ngeli ya i-/zi- hufungua vichwa kama “Ilivyo Sasa”, na nomino za utawala zinazoanza kwa I ni nyingi: ibara, ilani, itifaki, idara, idhini. Zikiongezwa namba za Kirumi, hatari huwa dhahiri zaidi. “Sehemu ya II” na “Sehemu ya 11” si sehemu moja, na anayenukuu moja badala ya nyingine katika mjadala wa kisheria hujadili jambo jingine kabisa.

Fonti zenye vimikia kwenye ncha za herufi huepuka sehemu kubwa ya tatizo hilo. Times New Roman, iliyobuniwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London na kuanza kutumika mwaka 1932, ina sifa ya ziada ya kubana upana. Sifa hiyo si ndogo kwa lugha ambishi bainishi. Kichwa kama “Utekelezaji wa Mikakati Iliyopendekezwa na Kamati ya Wataalamu” kinaweza kukaa katika mstari mmoja kwa fonti hiyo, ilhali kwa Verdana kitamwagikia mstari wa pili. Verdana, kwa upande wake, huipa I vistari juu na chini, na kwa waraka unaosomwa kwenye skrini pekee ni chaguo linalotetewa kwa urahisi. Kuandika vichwa vyote kwa herufi kubwa hakufai katika fonti yoyote: maneno marefu hupoteza umbo lake na kugeuka matofali ya upana mmoja.

Tarakimu husahaulika. Georgia ni fonti nzuri ya matini, lakini tarakimu zake hupanda na kushuka. Katika aya hilo hupendeza. Katika safu ya namba za kurasa husumbua. Aidha, fonti nyembamba mno huififisha alama ya ritifaa katika ng', na “Ng'ambo” husomeka vingine.

Lipo pia suala la usafiri wa waraka. Kompyuta isiyo na fonti iliyotumika huweka nyingine badala yake, mistari ikahama na namba za kurasa zikaacha kuwiana na kurasa zenyewe. Waraka wa mwisho utolewe kwa PDF yenye fonti ndani yake. Rasimu zinazozunguka kati ya ofisi zenye programu tofauti ziandikwe kwa fonti yenye pacha wa vipimo vilevile, kama Liberation Serif ilivyo kwa Times New Roman. Ukubwa usipungue ule wa matini. Pointi 11 au 12 zinatosha.

Kabla ya uamuzi, mhariri achape “Ibara ya II, Ibara ya 11, Ilani, Ng'ambo” kwa kila fonti inayopendekezwa, atoe fotokopi ya fotokopi, kisha ampe mtu asiyeujua waraka huo asome kwa sauti.